Kabla ya kununua globu ya pikapu kuukuu

Msimu wa karafuu pikapu za Pemba hutoka shamba giza limeshaingia, na ndipo taa za mbele zinapoanza visa. Dereva hukimbilia dukani Chake Chake au Wete, akanunua globu, akaitia, na taa ikabaki vile vile. Pesa ya globu ingesubiri kwanza.

Anza kwa kuliweka gari mbele ya ukuta wakati wa magharibi, uwashe dimu (mwanga wa chini) kisha fulu (mwanga wa mbali), na uangalie ni kipi hasa kilichokufa. Globu ya H4 ina nyuzi mbili ndani, moja ya dimu na moja ya fulu. Ukikosa dimu ya upande mmoja tu, huku fulu yake inawaka, hapo globu ina kesi ya kujibu. Dimu zikizimika pande zote mbili kwa pamoja, na fulu ni nzima, tazama swichi ya kubadilishia taa, maana globu mbili hazifi kwa miadi. Upande mmoja ukifa wote, fungua sanduku la fyuzi: pikapu nyingi za Kijapani zina fyuzi ya kulia na ya kushoto mbalimbali. Zote zikifa, ni rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi kuu au waya unaozilisha.

Fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, usiifunge karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, mara nyingi nyuma ya grili ambako panya na mtikisiko wa barabara za shamba vimeshakula plastiki.

Ugonjwa wa visiwani hasa ni kutu. Gari inayobeba samaki au kushinda bandarini Mkoani hulishwa chumvi kila siku. Chomoa betri, kisha chomoa plagi ya taa uitazame kwa karibu: pini zenye unga wa kijani zinasafishika kwa msasa mwembamba, lakini plagi iliyogeuka rangi ya kahawia na kulegea inataka kubadilishwa. Mara nyingi hiyo ni kazi ya globu ya wati 100 aliyoitia mwenye gari wa zamani. Globu ya kawaida ya wati 60/55, yaani fulu 60 na dimu 55, hula ampea 5 hivi, ile ya wati 100 hupita 8, na nyaya kuukuu hazikuandaliwa kwa mzigo huo. Usisahau ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Fungua ile bolti iliyoshika waya kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'are, ukaze, kisha upake grisi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri. Kwenye Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990, swichi ya dimu na fulu haikati umeme unaokwenda kwenye globu, inakata ule unaorudi. Kwa hiyo testa (kijitaa cha kupimia umeme) kuwaka kwenye plagi si ushahidi kwamba njia yote ni nzima.

Taa zikiwa hafifu tu, tumia mita. Injini ikiwaka, betri isome baina ya volti 13.8 na 14.4. Kisha pima kwa nyuma ya plagi, baina ya pini mbili za uzi unaowaka. Ukilinganisha na betri, pakikosekana volti moja au zaidi, umeme unapotea njiani, na hasara yake ni kubwa: globu inayopata asilimia 90 ya volti zake hutoa takriban asilimia 70 tu ya mwanga. Rilei mpya na waya mnene kutoka betri vitakusaidia kuliko globu yoyote ya bei. Zile globu za LED za rahisi ndani ya taa ya halojeni mimi sizipendi. Zinampofua anayekuja mbele yako.

Ukifika dukani hakikisha volti, kwani baadhi ya gari za dizeli ni za 24. Globu mpya ishike kwa kitako au kwa kitambaa, kioo kisipate mafuta ya vidole. Ukinunua taa nzima iliyotumika, uliza ilitoka nchi gani: ya nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara hutupa mwanga upande wa wanaokuja. Na kabla ya kukaza skrubu za kurekebishia mwanga, pakia magunia kwanza, kwa sababu pikapu ikilemewa nyuma pua huinuka na dimu hupanda machoni mwa watu.