Anza Chini ya Transfoma: Jinsi ya Kusoma Lebo za Usalama za Treni Ndogo

Sisi wapenzi wa treni ndogo tuna ugonjwa mmoja. Sanduku jipya likifika, macho yanakimbilia kichwa cha treni, mikono inachana plastiki, na kile kikaratasi cha maonyo kwa lugha chungu nzima kinaishia kwenye pipa. Simlaumu mtu. Maonyo yenyewe yamechapwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tena yamerundikwa pamoja, linaloweza kuua likiwa bega kwa bega na lile lililowekwa ili mwanasheria wa kiwanda alale usingizi.

Kazi yangu ni ufundi wa vifaa vya umeme, na transfoma za wenzangu wa treni huishia mezani kwangu, nyingine bado zinanuka kuungua. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kusoma lebo hauendi kwa ukubwa wa maandishi. Naanza chini ya transfoma, naenda kwenye chupa za kemikali, halafu ndiyo sanduku, ambalo ndilo lenye maandishi makubwa kuliko yote.

Chini ya transfoma

Igeuze kabla hujaichomeka. Utakuta mistari miwili muhimu, mmoja wa PRI, mwingine wa SEC. PRI ni umeme unaoingia kutoka ukutani, SEC ni ule unaotoka kwenda relini. Kama PRI inasema 120 V na soketi yako ni ya 230 V, ishia hapo hapo. Hakuna cha kujaribu kidogo tu; itaungua, na ikiwa ni ya zamani isiyo na fyuzi ya ndani inaweza kuwaka. Wanaoagiza treni kutoka Marekani wakiwa kwenye nchi za volti 230 ndio wateja wangu wakubwa.

Kwenye mstari wa SEC tazama alama iliyo karibu na namba ya volti. Kimstari cha wimbi ni AC, umeme unaobadili mwelekeo. Mstari ulionyooka wenye vidoti au vistari chini yake ni DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Treni nyingi za HO, yaani zile za kipimo cha 1:87, zikiendeshwa kwa mtindo wa kawaida hutaka DC isiyozidi volti 12 hivi. Watengenezaji Märklin wa Ujerumani, kwa treni zao za HO zinazochukua umeme katikati ya reli, wamefuata AC tangu zamani. Ukimpa kichwa cha DC umeme wa AC hakitembei. Kinatetemeka, kinavuma, na mota inapata joto mpaka nyaya zake za ndani ziungue. Fundi atakwambia ni kasoro ya treni. Siyo, lebo ilikuwepo.

Halafu kuna vichoro. Mraba ndani ya mraba una maana kwamba kifaa kina insulesheni maradufu, ndiyo sababu hakina waya wa ardhi. Nyumba ndogo ina maana kitumike ndani tu. Wenye treni za bustani, kile kichoro kinawahusu nyinyi hasa. Reli ikae nje kwenye mvua ukitaka, transfoma ibaki ndani.

Sheria ya vichezeo ya Umoja wa Ulaya, ile ya mwaka 2009, inataka kichezeo cha umeme kisizidi volti 24 za DC au AC inayolingana nazo. Ndiyo maana kugusa reli hakukurushi. Hatari iko upande wa PRI, na njia ya kuifikia bila kujua ni kuunganisha transfoma mbili kwenye reli moja.

Hili nalieleza taratibu kwa sababu ndilo onyo ninaloona likipuuzwa zaidi. Karatasi itasema usiunganishe transfoma mbili sambamba, na haisemi kwa nini. Chukua transfoma A na B, za kizamani zenye chuma na koili, zote za 230 V kuingia na 16 V kutoka, zimefungwa kwenye reli ile ile ili treni ipate nguvu zaidi. Unachomoa plagi ya A ukutani, B ikiwa bado inafanya kazi. Zile volti 16 za B zinaingia kwenye A kwa mlango wa nyuma. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ikipewa 16 upande mdogo inatoa karibu 230 upande mkubwa. Na upande mkubwa wa A ni zile pini mbili za plagi uliyoshika mkononi. Mtoto anaweza kuwa ndiye ameishika.

Ukihitaji nguvu zaidi, gawanya njia yako katika sehemu, kata reli zote mbili kwenye mpaka wa kila sehemu, weka viunganishi vya plastiki, kila sehemu iwe na transfoma yake. Lakini gurudumu likivuka mpaka linaziunganisha tena kwa sekunde moja, na behewa lenye taa likisimama hapo linaziunganisha muda wote. Kwa hiyo chomeka transfoma zako zote kwenye ekstensheni moja yenye swichi moja. Ukizima, zote zinazima pamoja. Acha tabia ya kuchomoa moja moja.

Onyo lingine la karatasi hiyo hiyo linasema nyaya zisiingizwe kwenye soketi. Watu hucheka: nani afanye hivyo? Tazama waya mbili za kulisha reli, ncha zake zimemenywa, zimekaa pamoja kama zilivyofungwa kiwandani. Zinaenea kwenye matundu ya soketi sawasawa. Mtoto wa miaka mitano aliyeona baba anachomeka vitu ukutani hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwisho wa transfoma, ampea. Wanaotumia mfumo wa kidijitali wasome namba hii mara mbili. Busta (kisanduku kinacholisha reli umeme katika mfumo huo) ya ampea 5 kwa volti 15 inatoa wati 75. Chuma cha kulehemu cha kawaida kwa kazi zetu ni wati 25 hadi 40. Sasa jiwazie shoti ndogo, gurudumu limetoka relini na kugusa pale lisipotakiwa, na wati 75 zote zinamwagika kwenye nukta moja ya plastiki. Busta inatakiwa ijikate mara moja, lakini ikiwa nyaya zako ni nyembamba mno au viungo vimelegea, haioni shoti, inaona mzigo tu na inaendelea kulisha. Kipimo ni rahisi. Washa umeme bila treni, weka sarafu ilaze juu ya reli zote mbili, na ufanye hivyo kila mita moja au mbili ya njia yako, hasa mbali na busta. Kila mahali inapaswa kukata papo hapo. Pasipokata, ongeza waya mnene wa kulisha hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Chupa na makopo

Hapa usisome sentensi kwanza, tafuta almasi yenye mpaka mwekundu. Mwali wa moto: kinawaka. Alama ya mshangao: kinawasha ngozi au macho, au kinaleta mzio wa ngozi. Kifua cha mtu chenye kama nyota iliyopasuka: kinaharibu ndani ya mwili, mara nyingi mapafu. Chini ya almasi kuna neno moja, DANGER au WARNING, na la kwanza ndilo zito. Halafu kuna namba zinazoanza na H. Ukizijua hizo chache zinazotuhusu, umemaliza.

H225 ni kimiminika kinachowaka upesi sana. Utaikuta kwenye isopropili, ile spiriti tunayosafishia reli. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye chumba chenye baridi, kwani nyuzi joto 12 hivi zinatosha. Na mota ya treni yenye brashi hutoa cheche, magurudumu nayo hutoa cheche kwenye reli chafu. Kwa hiyo zima umeme, fungua dirisha, paka kwa kitambaa badala ya kumwaga, subiri ikauke kabisa, ndipo uwashe. Nimeona watu wakisafisha njia huku treni inazunguka ili kuona kama imeanza kwenda vizuri. Waache tabia hiyo mara moja.

H304 ndiyo inayonitisha kuliko zote, na iko kwenye mafuta ya moshi, yale matone tunayotia kwenye bomba la kichwa cha mvuke kitoe moshi. Ni mafuta mepesi mno. Mtoto akimeza, shida si tumbo. Yanateleza kuingia kwenye njia ya hewa na kuharibu mapafu. Ndiyo maana lebo inasema usimtapishe. Kumtapisha kunayapitisha kooni mara ya pili. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi, maana daktari atahitaji kusoma kile kilichoandikwa. Mengine yana rangi na harufu nzuri, nami sielewi kwa nini mtu aliona hilo ni jambo la busara.

H317 inakuhusu ukitumia resini ya printa ya 3D kutengeneza mabehewa au watu wa stesheni. Ni mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaingia hautoki. Vaa glavu za nitraili, na usishike resini ambayo haijaganda kwa mwanga.

Supagluu ina maandishi yake maalumu: inagandisha ngozi na macho kwa sekunde. Lisiloandikwa kwa herufi kubwa ni kwamba ikimwagika kwenye pamba, inapata joto kali, inaweza hata kutoa moshi. Usivae glavu za pamba, na usiifute kwa pamba.

Sanduku

Umri wa miaka 14. Watu wengi hudhani maana yake ni treni ngumu kuendesha, kwa hiyo wanamnunulia mtoto wa miaka tisa mwenye akili. Sivyo. Sheria ile ya Ulaya inaziondoa modeli halisi za wakusanyaji kwenye kundi la vichezeo, mradi iandikwe kwamba ni za wakusanyaji wa miaka 14 na kuendelea. Kwa hiyo sanduku linakwambia kitu hiki hakikupimwa kama kichezeo. Vioo vya taa vinavyong'oka, ngazi nyembamba kama sindano, uzani wa chuma uliogandishwa tu, vyote viliruhusiwa kwa sababu hiyo. Seti ya kuanzia ya watoto iliyoandikwa umri mdogo imepita mlango mwingine kabisa. Ukimtakia mtoto treni, mnunulie hiyo.

Uso wa mtoto wenye 0-3 uliokatwa kwa mstari mwekundu unahusu kukabwa. Marekani wanapima kwa silinda yenye upana wa milimita 31.7, kipande kikiingia chote humo, ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwenye HO karibu kila kitu kinaingia, magurudumu, kaplingi, watu, madumu. Lakini usihangaike na madumu kama unavyotakiwa kuhangaika na vitu viwili: sumaku ndogo za kuachanishia mabehewa, na betri bapa za taa ya mkia. Sumaku mbili zikimezwa zinatafutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Betri ya milimita 20 ikikwama kooni inaanza kuunguza ndani ya saa mbili. Kwa yote mawili, hospitali sasa hivi, usisubiri dalili.

Lebo ya California, ile yenye pembetatu ya njano na maneno ya saratani, inatokana na sheria iliyopigiwa kura mwaka 1986. Kwa treni, mara nyingi ni madini ya risasi yaliyomo kwenye shaba ya manjano au plastiki laini ya waya. Treni kukaa kabatini haikudhuru. Nawa mikono ukimaliza, usile kwenye meza ya kazi, na ukipiga tupa vipande vya shaba, futa unga kwa kitambaa chenye maji badala ya kuupuliza.

Isiyo na lebo

Treni ya mtumba mara nyingi huja bila sanduku wala karatasi. Rangi ya zamani, kabla ya Marekani kubana risasi kwenye rangi mwaka 1978, ichukulie ina risasi, usiikwangue kavu. Transfoma yenye waya wa kitambaa au mpira unaovunjika ukikunjwa, kata plagi yake leo ili mwingine asije akaichomeka. Kama ni ya kukusanya, ibaki pambo.

Halafu andika lebo zako. Kila chupa uliyohamishia kitu, jina lake na namba za H kutoka chupa ya kwanza. Kila transfoma, PRI na SEC kwa maandishi makubwa juu, siyo chini. Kila waya chini ya meza, volti na AC au DC kwenye ncha zote mbili. Wino wa maka unafutika kwa isopropili, kwa hiyo pitisha utepe mwangavu juu ya maandishi kabla hujasafisha njia.