Mahindi yana zambarau? Angalia unavyoweka samadi

Mahindi machanga yakianza kuwa na zambarau kwenye kingo za majani ya chini, mara nyingi yanalilia kirutubisho kiitwacho fosforasi. (Baridi nayo huleta rangi hiyo, kwa hiyo usikimbilie duka la pembejeo siku hiyo hiyo.) Kama unafuga ng'ombe au kuku, mbolea unayo nyumbani. Shida ni kwamba wengi tunaimwaga juu juu kama tunarushia kuku mtama. Fosforasi haitembei sana udongoni. Ilipoangukia ndipo inapobaki, na kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hunaswa na madini ya chuma na aluminiamu. Iweke basi kwenye shimo la kupandia: konzi moja au mbili za samadi iliyooza vizuri, changanya na udongo, ndipo udondoshe mbegu. Ya kuku kwa kawaida ina fosforasi nyingi kuliko ya ng'ombe, ila ikiwa mbichi huunguza, usiiguse mpaka ioze. Na lundo lifunike. Yale maji meusi yanayotiririka kwenda mtaroni baada ya mvua ndiyo mbolea yako inaondoka.