Teksi zinapita zimejaa: namna ya kupunguza msongamano kwenye steji yenu

Nauza chai na chapati pale stejini Banda, Barabara ya Jinja, Kampala, na alfajiri jiko langu linakuwa limeshawaka. Kwa hiyo ninawaona wote: wanafunzi wa sekondari, mafundi wanaokwenda Katwe, akina mama wanaowahi kufungua vibanda soko la Owino, walinzi wanaorudi kutoka zamu ya usiku. Macho yote upande wa Kireka, kungoja teksi, yaani basi dogo la abiria 14, yenye nafasi. Nyingi zinapita bila hata kupunguza mwendo. Ikisimama moja, kundi zima linaukimbilia mlango mmoja, na wanaobaki ni wale wale siku zote: mjamzito, mzee, mtoto mwenye begi zito. Hilo ndilo lililonitoa jikoni nikaanza kuwasumbua majirani, madereva na mwenyekiti wa steji. Ninayoeleza hapa ndiyo tunayofanya, na mtaa wowote ulio katikati ya njia, uwe Zana, Kalerwe au Bwaise, unaweza kuyafanya pia.

Kwanza mjue tatizo liko wapi

Wengi husema teksi ni chache. Simama upande wa pili wa barabara asubuhi hiyo hiyo uone. Teksi ya abiria 14 haiondoki inakoanzia mpaka ijae, kwa sababu gari mara nyingi si la dereva. Jioni lazima ampelekee mwenye gari hesabu yake, na mafuta ni juu ya dereva mwenyewe. Inayoanzia Mukono, Seeta au Bweyogerere inafika kwetu haina hata kiti kimoja. Wanaoshuka Banda saa hizo ni wachache, hasa wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, na viti vyao ndivyo tunavyogombania. Gari hilo hilo likishashusha mjini linarudi na watu wawili watatu, linatupita upande wa pili, linaenda kujaza tena mbali. Viti vipo. Vinapita upande usio wetu.

Ukishaelewa hivyo, huendi tena kulalamika kwamba magari yaongezwe. Unatafuta namna ya kuyageuza machache yaanzie kwenu.

Daftari kabla ya mkutano

Msiende kwa yeyote na maneno matupu. Wawekeni watu wawili wanaoaminika, mmoja kila upande wa barabara, kuanzia saa 12 hadi saa 2 na nusu asubuhi. Chagueni siku za katikati ya wiki, zisizo na mvua, na shule ziwe zimefunguliwa kitambo. Jumatatu inadanganya, na wiki ya kufungua shule inadanganya zaidi.

Wa upande wa kwenda mjini aandike saa, gari linatoka wapi (kondakta mwenyewe anatangaza), viti vilivyobaki na waliopanda. Kila robo saa ahesabu waliobaki wamesimama. Namba hiyo ya waliobaki ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana dereva akiiona anaona nauli, na afisa akiiona anaona hatari ya watu kujaa pembeni mwa barabara kuu. Wa upande wa pili aandike magari yanayorudi yana watu wangapi.

Daftari letu lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema: kubanana kote kunaanza saa 12 na nusu na kunakwisha muda mfupi baada ya saa 1 na nusu. Ikifika saa 2, unaweza kupanda umekaa. Tukawauliza watu mmoja mmoja wanaanza kazi saa ngapi. Wapo waliokuwa wakipigania mlango saa 1 ilhali duka wanafungua saa 3, kwa hofu tu ya kukosa gari. Hao walipoona daftari wenyewe walisogeza muda wao, na hakuna aliyelipia chochote.

Kuzungumza na madereva

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo mitaa mingi inapokosea kwa kwenda moja kwa moja kwa wakubwa. Anzeni na madereva wanaolala mtaani kwenu. Kila mtaa unao. Gari linalala Banda, alfajiri linapandisha tupu hadi Bweyogerere kutafuta abiria, kisha linatupita limejaa. Mwombeni dereva huyo safari yake ya kwanza aijazie hapa hapa.

Atakataa, na ana sababu. Anaogopa kufika akute watu wanne, asubiri nusu saa wakati wenzake wanazunguka. Kwa hiyo msimpelekee ombi, mpelekeeni watu. Andikeni orodha ya wanaosafiri kila siku, mzipange saa: gari la saa 12 na dakika 40, gari la saa 1 kamili. Wa kwenye orodha wanafika dakika tano kabla. Saa ikifika gari linaondoka, hata kama viti viwili vimebaki; vitajazwa Kyambogo au Nakawa. Kisha pigeni hesabu mbele yake. Kwa nauli ya 2,000 ambayo tulikubaliana nayo, watu 14 ni 28,000, bila kuchoma mafuta ya kupandisha tupu, na akiwahi kutoka anapita Nakawa kabla foleni haijakaza na anaweza kurudi kuchukua mzigo wa pili. Abiria wa Mukono analipa zaidi, ni kweli, lakini safari ni ndefu na asubuhi ni moja.

Mambo matatu nayasisitiza kwa sababu ndiyo yanayovunja makubaliano. Msiombe nauli ipunguzwe, ombeni isipande. Nauli za teksi zetu hazipangwi na serikali, mvua ikinyesha zinaruka, kwa hiyo bei isiyobadilika ni faida kubwa kuliko punguzo la shilingi 200. La pili, pesa zisikusanywe na mtu mmoja kabla. Kila mtu alipe ndani ya gari kama kawaida. Mfuko wa pamoja huleta maneno. La tatu, wapiga debe wasirukwe. Wanakula kwa kila gari linalojaza pale, na ukiwapita wataliharibu jambo lenu kabla wiki haijaisha. Kwetu mmoja wao ndiye anayesimamia mstari, na senti yake anapata kama zamani. Nendeni kwa mwenyekiti wa steji kwa heshima, mketi, mumsalimie vizuri, mfungue daftari.

Mstari, na viti vitatu

Mstari uanzie penye alama inayoonekana. Sisi tuna nguzo yenye rangi. Gari lifungue mlango pale tu. Wajawazito, wazee na watoto wa shule wakae mbele ya mstari, na hilo lisemwe kwa sauti kila asubuhi mpaka lizoeleke. Akitokea wa kusema watu wetu hawawezi kupanga mstari, mkumbusheni Juni 2020, teksi ziliporudi barabarani baada ya kufungiwa kwa ajili ya korona na kuruhusiwa kubeba nusu ya abiria, watu 7 kwenye gari la 14. Watu walisimama kwenye mistari.

Ndani ya gari, kila safu ni ya watu watatu. Kondakta akiwa na mtu wa nne atainama mlangoni, ataongea kwa upole kabisa: "Mama, sogea kidogo, ni huyu mmoja tu, anashuka Nakawa hapo." Nimemwona dada amempakata mtoto wa miezi michache, bega moja limebanwa na dirisha, goti limekwama kwenye kiti cha mbele, akisogea kwa sababu aliombwa vizuri. Mtoto alianza kulia kabla hatujafika Kyambogo. Mtu mmoja akikataa anaonekana mkorofi. Safu nzima ikijibu pamoja, "Kaka, hapa tumetimia watatu," kondakta anafunga mlango. Kubalianeni jibu hilo mkiwa bado mstarini, na lisemwe bila matusi. Kondakta naye anatafuta mkate.

Njia nyingine

Treni ya abiria iliyoanza Desemba 2015 kati ya Kampala na Namanve inasimama Kireka. Huduma imewahi kusimamishwa kwa matengenezo ya reli, kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi ya kuulizia ratiba na kuibandika stejini. Anayefanya kazi karibu na stesheni ya mjini anaokoa muda, na kila anayepanda treni ameacha kiti. Wa Nakawa wenye miguu mizima, asubuhi ya jua, watembee.

Barua

Barua iandikwe baada ya haya, wala si kabla. Iwe ukurasa mmoja, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), na namba za daftari. Ombeni kitu kimoja kinachoonekana, mfano sehemu ya magari kusimama pembeni ili yanayochukua abiria yasizibe barabara, au kivuko karibu na steji. Angalieni mnaipeleka wapi. Banda iko Divisheni ya Nakawa, hivyo barua inakwenda KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ofisi ya divisheni. Hatua chache tu, Kireka, ni Manispaa ya Kira wilayani Wakiso. Wa kule wakileta barua Nakawa watazungushwa bure. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mrudi kuuliza mkiwa wawili au watatu.

Jioni ni ngumu zaidi, kwa sababu mjini kondakta anamtaka wa Mukono anayelipa nauli ndefu, wa Banda anaambiwa angoje. Dawa yetu ni ile ile: wanaofunga kazi saa moja wanakutana mahali pamoja, wakifika kumi na kuendelea wanamwendea dereva wakiwa kundi. Gari linajaa papo hapo, linaondoka.

Na kila muhula unapokaribia kuanza, fungueni orodha upya. Wanafunzi wanaongezeka ghafla, na magari mawili hayatoshi. Mpigieni dereva wa tatu Jumapili mchana, kabla hajamwahidi mtu mwingine safari ya Jumatatu.