Kuongoza somo la Biblia kuhusu ardhi na jamii asilia: anza na Nabothi

Wengi hufungua somo hili kwa Mwanzo 1:28, agizo la kuitiisha nchi, au kwa Yoshua akivuka Yordani. Kundi hugawanyika kabla halijasoma lolote kwa makini. Anza na 1 Wafalme 21:1–16, kisa cha Mfalme Ahabu kulitaka shamba la mizabibu la Nabothi, ambaye mwishowe anauawa: ni fupi, na mgogoro wote wa ardhi umo humo.

Panga vikao viwili vya saa mbili, watu wasizidi 12. Chapa nakala zisizo na vichwa vidogo, maana vichwa hutoa hukumu msomaji hajafika. Kila mtu awe na kalamu za rangi mbili.

Mmoja asome yote kwa sauti. Kisha rangi ya kwanza ipigie mstari kila namna Ahabu anavyolitaja lile eneo, na ya pili namna Nabothi anavyolitaja. Hapa msiharakishe, nusu saa si nyingi. Kwa Ahabu ni shamba la mizabibu linaloweza kubadilishwa kwa shamba bora zaidi au kwa fedha. Kwa Nabothi ni urithi wa baba zake. Sasa waelekeze mstari wa 6: Ahabu anapomsimulia mkewe Yezebeli, neno urithi halimo tena. Nabothi amegeuka mkaidi aliyekataa biashara nzuri. Uliza: leo nani hubadilisha neno hivi, akaita makao ya watu "ardhi isiyotumika"?

Urithi huo, kwa Kiebrania nahala, haukuwa mali ya mtu mmoja kuiuza apendavyo. Hesabu 36:7 inakataza hata usihamie kabila jingine.

Halafu Walawi 25:23, na hapa ndipo viongozi wengi huteleza. Kwanza, Biblia ya Kiswahili inasema "nchi", na msikiaji huwaza taifa na serikali. Eleza kwamba ni ardhi yenyewe. Pili, "nchi ni ya Mungu" hugeuzwa kuwaambia jamii asilia wasing'ang'anie maeneo yao. Hilo ni kuupindua mstari. Unazuia ardhi isiuzwe milele, ili familia maskini irudi kwenye yake mwaka wa 50, yaani Yubile.

Rudini kwenye mistari ya 8–13 mhesabu hatua zilizofuatwa: barua, muhuri, saumu, wazee, mashahidi wawili kama sheria ilivyotaka (Kumbukumbu 17:6). Unyang'anyi umevikwa sheria na ibada. Historia iingie hapa, dakika 15 tu: waraka wa Papa Alexander VI wa tarehe 4 Mei 1493 uliowapa wafalme wa Hispania nchi za ng'ambo, hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1823, Johnson v. M'Intosh, iliyowaachia wenyeji haki ya kukaa tu, si umiliki kamili. Na tamko la Vatikani la 30 Machi 2023 lililoikana "itikadi ya ugunduzi", dai kwamba Wakristo wa Ulaya "waliogundua" nchi walipata haki juu yake. Ukianza na nyaraka hizi, watu watabishana kuhusu siasa na Nabothi atasahauliwa.

Kikao cha pili ni cha kitabu cha Yoshua, ambamo Waisraeli wanaitwaa Kanaani, na usikikwepe. Kitenzi cha kumiliki katika 1 Wafalme 21:15 na 19, yarash, ndicho Kumbukumbu la Torati linachotumia kwa Israeli kuimiliki Kanaani. Mwanazuoni wa taifa la Osage, Robert Allen Warrior, alidai mwaka 1989 kwamba simulizi ya Kutoka isomwe pia kwa macho ya Wakanaani. Jaribuni hivyo. Kisha wekeni sambamba na hayo Kumbukumbu 2:5, 9 na 19, Mungu anapowakataza Waisraeli ardhi ya Edomu, Moabu na Amoni, pamoja na Walawi 18:28, ambapo nchi huwatapika hata wao. Maandiko haya hayafuti ugumu wa Yoshua, usiahidi hivyo.

Akiwapo mtu wa jamii asilia kundini, usimfanye msemaji wa watu wake wote. Muulize faraghani, siku chache kabla, kama angependa kuongea.

Mwisho isomwe 2 Wafalme 9:26, bila maelezo. Inataja pia damu ya wana wa Nabothi, waliokuwa warithi wa lile shamba.