Kuchagua Mabomba, Fitingi na Manifoldi za Kupasha Joto Sakafu kwa Maji

Katika mfumo wa kupasha joto sakafu kwa maji, vifaa vinavyobaki ukutani au kwenye chumba cha mitambo hubadilishwa kwa spana na bisibisi vinapochakaa, lakini bomba lililofunikwa kwa zege halibadilishwi bila kuvunja sakafu. Kwa sababu hiyo ninamsihi kila anayepanga kazi hii asigawanye bajeti yake sawasawa. Fedha na umakini vielekezwe kwanza kwenye kile kitakachozikwa, hata kama pampu au vidhibiti vitalazimika kuwa vya kawaida na kuboreshwa baadaye.

Uchaguzi wenyewe hauanzii kwenye bomba. Huanza kwenye hesabu ya joto ambalo kila chumba kinapoteza, na kutoka hapo hushuka hadi idadi ya mizunguko (vitanzi vya bomba vilivyolazwa sakafuni), urefu wa kila mzunguko, kipenyo cha bomba, aina ya fitingi, yaani viungio vya bomba, na mwishowe manifoldi, yaani kigawanya maji chenye matundu ya kupeleka na kurudisha maji ya kila mzunguko. Anayenunua manifoldi kwanza kwa kuwa ilikuwa na punguzo la bei atajikuta akilazimisha nyumba ifuate idadi ya matundu yake.

Hesabu inayotangulia

Kiwango cha Ulaya cha EN 1264 kinataka uso wa sakafu katika maeneo ya kukaa usizidi nyuzi 29 za Selsiasi, na katika ukanda wa pembeni, karibu na kuta za nje na madirisha makubwa, usizidi 35. Chumba kikiwa na nyuzi 20 na sakafu ikiwa na 29, kila mita ya mraba hutoa takriban wati 100. Huo ndio ukomo, na hakuna bomba la bei ghali linaloweza kuusogeza. Chumba kinachohitaji zaidi ya hapo kinahitaji kihami joto bora kwenye kuta na madirisha, au chanzo kingine cha joto cha kusaidia.

Tuchukue chumba cha mita za mraba 20 kinachohitaji wati 60 kwa kila mita ya mraba, yaani wati 1,200 kwa jumla. Mabomba yakipangwa kwa nafasi ya milimita 150, kila mita ya mraba itameza takriban mita 6.7 za bomba, na chumba kizima kitahitaji kama mita 133. Urefu huo ni mkubwa mno kwa mzunguko mmoja wa bomba la milimita 16, kwa hiyo tunaugawa katika mizunguko miwili ya takriban mita 67, kisha tunaongeza njia ya kwenda na kurudi kwenye manifoldi, labda mita 10 kwa kila mzunguko. Maji yakiingia na kutoka kwa tofauti ya nyuzi 5, kila mzunguko, ukibeba wati 600, utahitaji lita 1.7 kwa dakika. Kwa tofauti ya nyuzi 10, nusu ya mtiririko huo inatosha. Joto linalopotea kwenda chini nalo liongezwe kwenye hesabu, na kadiri kihami joto kilicho chini ya mabomba kinavyokuwa chembamba ndivyo nyongeza hiyo inavyokua.

Kifuniko cha sakafu hubadilisha hesabu hii kuliko wengi wanavyodhani. Vigae hupitisha joto vizuri, ilhali mbao nene na zulia hulizuia na kulazimisha maji yawe ya moto zaidi. Ukinzani wa joto wa kifuniko usizidi 0.15, kwa kipimo cha mita ya mraba kwa nyuzi kwa wati ambacho watengenezaji wengi huandika kwenye maelezo ya bidhaa. Kifuniko kiamuliwe kabla ya nafasi ya mabomba kuamuliwa.

Bomba

Hapo zamani shaba ilitumika sana. Nyumba za Levittown katika jimbo la New York, zilizojengwa kuanzia 1947, zilipashwa joto kwa mabomba ya shaba ndani ya zege, na miaka ilipopita, mengi kati ya mabomba hayo yalianza kuvuja. Leo bomba la kawaida ni la plastiki: PEX, ambayo ni poliethilini iliyounganishwa molekuli zake kwa viungo vya kudumu, PE-RT, ambayo ni poliethilini inayostahimili joto bila viungo hivyo, au bomba la matabaka lenye karatasi ya alumini katikati ya plastiki.

PEX hugawanywa kwa herufi a, b na c, zinazoeleza njia ya utengenezaji na si daraja la ubora. PEX-a ndiyo laini kuliko zote, hupindika kwa urahisi, na ikikunjika vibaya mara nyingi hurudi umbo lake ikipashwa joto taratibu kwa bunduki ya hewa moto. PEX-b ni ngumu kidogo na hukumbuka umbo la roli, jambo linalomchosha fundi siku ya baridi. PE-RT ni rahisi kulaza na hutosha kabisa kwa maji ya nyuzi 35 hadi 45 ambayo sakafu nyingi hutumia. Kwa maoni yangu, herufi hizo zisikutoe fedha nyingi, kwa maana bomba lolote kati ya hayo, likiwa halali kwa viwango vyake na limelazwa vizuri, litafanya kazi. Bomba la matabaka lina faida mahali pengine: hubaki lilivyopindwa, na kwa joto hurefuka kidogo sana, takriban milimita 0.025 kwa mita kwa kila nyuzi, ilhali PEX tupu hurefuka mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo linafaa hasa kwa njia zilizo wazi kati ya boila na manifoldi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kizuizi cha oksijeni. Plastiki tupu hushika maji, lakini huruhusu oksijeni ya hewani kupenya polepole hadi ndani. Katika mfumo uliofungwa, maji yaleyale huzunguka miaka na miaka, na oksijeni inayoingia kila siku hula chuma cha pampu, boila na tangi la upanuzi. Kutu hiyo hugeuka tope jeusi linaloziba vipima mtiririko na valvu, na mwenye nyumba huanza kubadilisha pampu asijue kwamba ugonjwa uko kwenye bomba. Kiwango cha DIN 4726 kiliweka mpaka wa gramu 0.1 za oksijeni kwa kila mita ya ujazo ya maji kwa siku, maji yakiwa na nyuzi 40. Bomba linalofikia kiwango hicho huwa na tabaka jembamba la EVOH, plastiki inayozuia oksijeni, ama nje ya bomba au katikati ya ukuta wake. Ningependelea lile la katikati, yaani bomba la matabaka matano, kwa kuwa tabaka la nje hukwaruzwa bomba linapoburutwa juu ya wavu wa chuma. Karatasi ya alumini nayo huzuia oksijeni vizuri.

Bomba la maji ya matumizi ya nyumbani linaweza kufanana kabisa na la sakafu na kuwa la bei nafuu zaidi, lakini mara nyingi halina kizuizi hicho. Rangi si ushahidi. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba lenyewe: aina ya plastiki, kipenyo cha nje na unene wa ukuta, namba ya kiwango, uthibitisho wa kuzuia oksijeni, na daraja la matumizi. Daraja la 4 katika ISO 10508 ndilo la sakafu na radieta za joto la chini, na huandikwa pamoja na shinikizo linaloruhusiwa. Mahali ambapo bomba lisilo na kizuizi limekwisha kuzikwa, suluhisho la busara ni kulitenganisha na boila kwa kibadilisha joto cha sahani, na kutumia upande wa sakafu pampu na vifaa visivyo na chuma kinachoshika kutu.

Kuhusu kipenyo, bomba la 16 kwa 2, yaani kipenyo cha nje cha milimita 16 na ukuta wa milimita 2, lenye uwazi wa milimita 12 ndani, hutosheleza nyumba nyingi, mradi mzunguko usizidi mita 100 hivi pamoja na njia ya kwenda na kurudi. Bomba la milimita 20 hukubali mizunguko mirefu zaidi na hufaa kumbi na karakana. Ni kosa kurefusha mzunguko ili kuokoa tundu moja la manifoldi: mzunguko ukirefushwa mara mbili na kubebeshwa joto mara mbili, upotevu wa shinikizo hupanda zaidi ya mara sita, na maji hukimbilia mizunguko mifupi na kuuacha ule mrefu ukiwa baridi. Mizunguko ya manifoldi moja ikaribiane urefu kadiri inavyowezekana.

Nunua roli zenye urefu unaolingana na mizunguko yako, ili usibaki na vipande visivyotosha. Alama za mita kwenye bomba hukuonyesha ulikofika. Weka roli mbali na jua, kwa sababu mwanga wake huharibu PEX.

Fitingi

Chini ya sakafu pasiwe na kiungio. Kila mzunguko uwe kipande kimoja kutoka tundu la kupeleka hadi tundu la kurudisha. Kiungio hukubalika tu bomba linapojeruhiwa wakati wa ujenzi, na hapo kiwe cha kudumu, cha kubana kwa mashine au cha ringi ya kusukumwa, kamwe kisiwe cha nati ya kukaza. Kifungwe kwa utepe unaozuia saruji isiguse metali, na mahali pake paandikwe kwenye mchoro.

Kwa hiyo karibu fitingi zote zitakuwa kwenye manifoldi, na nyingi ni adapta za nati za robo tatu ya inchi zenye mdomo wa koni unaojulikana kama Eurocone. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Adapta hutengenezwa kwa kipenyo cha nje na unene mahususi wa ukuta. Bomba la Marekani la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 15.9, karibu sawa na lile la milimita 16, na adapta ya moja inaweza kuonekana kushika nyingine. Hazibadilishani. Kiungio cha namna hiyo kinaweza kupita siku ya majaribio na kuachia baada ya majira kadhaa ya kupata joto na kupoa.

Fitingi za kubana kwa mashine zina maumbo tofauti ya taya, na taya isiyolingana haibani inavyopaswa hata kama mashine imemaliza mzunguko wake. Fitingi za kupanua bomba ni za PEX-a, na katika baridi kali bomba huchelewa kusinyaa, basi zipewe muda kabla ya kuwekwa shinikizo. Ringi za shaba za kubana zipimwe moja moja kwa kipimo chake. Bomba la matabaka likatwe wima kabisa, mdomo wake urudishwe mviringo na kusafishwa, la sivyo ukingo wake utakata ringi ya mpira. Kwa metali, chagua brasi inayostahimili kupoteza zinki.

Manifoldi

Idadi ya matundu hutokana na idadi ya mizunguko, nami huongeza tundu moja lenye kizibo pale ambapo upanuzi wa nyumba unawezekana. Manifoldi za chuma kisichoshika kutu, brasi na plastiki imara zote hufaa. Tofauti ya maana iko kwenye vifaa vyake: kila mzunguko uwe na kipima mtiririko kinachorekebishika, na upande wa pili valvu inayokubali kifungulio cha umeme. Nyuzi za skrubu za M30 kwa 1.5 ni za kawaida kwa vifungulio hivyo, na ukizichagua hutafungwa na mtengenezaji mmoja. Pawe na koki za kutenga pande zote mbili, njia ya kutolea hewa na njia ya kujazia na kumwagia maji. Jumlisha mtiririko wa mizunguko yote na uulinganishe na kiwango cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji.

Chanzo kinachotoa maji ya nyuzi 60 au 70 kinahitaji valvu ya kuchanganya na themostati ya usalama itakayozima pampu maji yakizidi joto lililopangwa. Pampu ya joto inayotoa nyuzi 35 moja kwa moja kwa kawaida haihitaji mchanganyiko huo.

Manifoldi iwekwe katikati ya vyumba inavyovihudumia na juu ya usawa wa mabomba, ili hewa ipande kwenye vitolea hewa. Mabomba yanayopinda kuinuka kuelekea huko yashikiliwe na viwiko vya plastiki, na yanayovuka viungo vya kutanuka vya sakafu yavishwe ganda la takriban sentimita 30. Kabla ya zege kumwagwa, mfumo upimwe kwa maji kwa shinikizo la bari 4 hadi 6, na shinikizo libaki wakati wa kumwaga, ili jeraha lolote lionekane papo hapo. Mahali penye hatari ya kuganda, maji yasiachwe ndani bila kinga. Urefu wa kila mzunguko na chumba chake viandikwe kwenye lebo juu ya tundu lake, na picha za mabomba pamoja na vipimo kutoka ukutani zihifadhiwe, kwa kuwa fundi atakayetoboa sakafu hiyo baadaye atahitaji kujua hasa bomba liko wapi.