Jinsi ya kumtafutia kijana wako farasi wakati mfuko hauruhusu mengi

Niseme hili mapema ili tusipotezeane muda: kwa bajeti ndogo hutampata farasi asiye na kasoro, wa hivyo yupo ila bei yake sio yetu. Kwa hiyo kazi yako hapa ni kuchagua kasoro, yaani mkae chini na kijana wako mkubaliane kabisa ni kasoro zipi mnaweza kuishi nazo na zipi hamzigusi hata kama farasi anauzwa bei ya kutupa.

Mimi kasoro ninazozikubali bila shida ni umri, makovu ya zamani yaliyopona, rangi ambayo haina soko, kutokuwa na karatasi za ukoo, na farasi ambaye daktari kasema asirushwe vizuizi virefu tena lakini mizunguko ya kawaida anaiweza vizuri. Hizo zote zinashusha bei sana na kwa kijana anayejifunza hazipunguzi kitu. Zile ambazo sizikubali ni farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma akiwa na mtu mgongoni, anayepiga mateke watu, mwenye mapafu mabovu, mwenye historia ya kwato kuvimba kwa ndani (laminaitisi), na yule anayepata msokoto wa tumbo mara kwa mara. Tabia mbaya inaweza kumuumiza mtoto na ugonjwa unaojirudia utakula hela kuliko bei uliyomnunulia, wala hakuna mjadala hapo.

Sasa hela. Wazazi wengi wanakusanya pesa ya kununua wanasahau kwamba farasi wa bei rahisi anakula sawasawa na wa bei ghali. Farasi wa kilo 500 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku, hapo unazungumzia kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu, na maji anakunywa lita 25 hadi 45, joto likizidi anapitisha hapo. Kwato zinatengenezwa kila wiki 6 hadi 8 awe na viatu asiwe navyo, meno yaangaliwe angalau mara moja kwa mwaka, chanjo ya pepopunda isikosekane, minyoo nayo ina ratiba yake. Kabla hujaangalia tangazo hata moja, uliza bei za hivi vitu pale unapoishi, zidisha kwa miezi 12, ongeza kodi ya banda kama huna sehemu yako, alafu tenga akiba ya dharura manake daktari wa usiku haulizi kama mshahara umeingia. Kinachobaki baada ya hapo ndio bei ya farasi. Kama hakibaki kitu basi acha kununua kwanza, kodi. Kuna watu wana farasi mzuri ila muda hawana, wako tayari mtu awasaidie gharama na kijana apande siku kadhaa kwa wiki, na kwa kweli kwa kijana ambaye hajawahi kumtunza mnyama mkubwa peke yake huu ndio mwanzo mzuri kuliko wote. Mkikaa hivyo mwaka mzima utajua kama ile hamu ilikuwa ya kweli, na mara nyingine huyo huyo wa kukodi ndiye mnakuja kuuziwa.

Kuhusu umri nina msimamo mkali kidogo. Farasi anaishi miaka 25 hadi 30 na wengi wanaendelea na kazi nyepesi wakiwa wamepita 20, kwa hiyo wa miaka 12 hadi 18 sio mzee wa kutupwa hata kidogo, huyo ndiye mwalimu. Ameshaona magari, mbwa, nailoni inayopepea kwenye uzio, watoto wanaopiga kelele, hashtuki. Wa miaka mitatu au minne anaonekana nafuu na kuna hadithi tamu kwamba mtoto na farasi watakua pamoja, jamani, naomba mtu asiwadanganye: mwanafunzi akipanda mwanafunzi wote wawili wanaogopa na hakuna wa kumtuliza mwenzake, mwisho wake ni mtoto kuanguka na farasi kujifunza kwamba akimwangusha mtu kazi inaisha. Vile vile farasi waliostaafu mashindano ya mbio, wengi wanauzwa rahisi kwa sababu wanatoka uwanjani wakiwa bado wadogo, ni wanyama wazuri sana ila wamezoeshwa kukimbia na wanahitaji mpandaji mwenye uzoefu wa kuwafundisha upya. Ukimchukua mzee, muulize daktari kuhusu maumivu ya viungo, na tazama manyoya: farasi aliyepita miaka 15 ambaye manyoya yake marefu hayapukutiki msimu ukibadilika anaweza kuwa na ugonjwa wa homoni ambao dawa zake ni za maisha na unamweka karibu na ile shida ya kwato niliyoitaja. Meno yanakupa picha ya umri ila baada ya miaka 10 hivi makadirio yanayumba, usimwamini sana anayefungua mdomo wa farasi akatamka namba kwa kujiamini.

Dume aliyehasiwa ndiye wa kutafuta kwanza, jike naye sawa kama mtulivu ingawa wengine wanabadilika kidogo wakiwa kwenye joto, dume asiyehasiwa hapana.

Ukubwa sasa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na matandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwa mzee au mwenye maumivu shuka chini ya hapo. Farasi wa kilo 400 maana yake kilo 80 zote jumla, na tandiko peke yake linaweza kufika kilo 10. Kijana wa miaka 13 wa leo sio wa 16, angalia urefu wa ndugu zake na wazazi wake, usimnunulie poni mdogo atakayekuwa amempita baada ya mwaka. Lakini pia usikimbilie farasi mrefu kwa sababu anapendeza, mfupi mwenye kifua kipana na miguu minene anabeba vizuri, anakula kidogo, na ukianguka kutoka kwake ardhi iko karibu.

Ukipiga simu kwa muuzaji usianze na bei. Uliza kwa nini anauzwa kisha nyamaza, mwache aongee, atajaza ule ukimya na mara nyingi ndipo jambo lenyewe linatoka. Uliza fundi wa kwato alikuja lini mara ya mwisho, dawa ya minyoo lini, amewahi kuumwa tumbo, anakubali kuingia kwenye gari, anakaa peke yake au lazima awe na wenzake. Swali langu ninalolipenda kuliko yote ni hili: mara ya mwisho amepandwa na mtoto lini, na mtoto huyo alikuwa na uzoefu gani? Anayesema "mtulivu kabisa hata mtoto anapanda" akashindwa kujibu hilo, ameshajibu. Omba video ya wiki hii hii, akiwa anakamatwa malishoni, anavalishwa, anapandwa, ikiwa moja bila kukatwa katwa.

Siku ya kwenda kumwona mwambie muuzaji kabla kwamba farasi aachwe malishoni au bandani, asivalishwe, asifanyishwe mazoezi. Ukifika umkute tayari ana tandiko mgongoni, pitisha mkono chini ya tandiko na nyuma ya masikio, manyoya yakiwa yameganda kwa jasho lililokauka basi amechoshwa ili uone mpole, na wewe umekuja kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama yuko huru, simama pembeni utazame anavyokamatwa. Anakuja mwenyewe au anageuza matako? Akifungwa anasimama au anachimba chimba ardhi? Mwambie kijana amsugue brashi mwili mzima na anyanyue miguu yote minne mmoja mmoja, wa nyuma hasa, manake hii ndiyo kazi atakayoifanya kila siku asubuhi kabla ya shule. Alafu angalia kwa makini sana wakati mkanda wa tandiko unakazwa tumboni. Farasi mwenye amani anaweza kutikisa mkia kidogo basi. Masikio yakilala nyuma yakabana kichwani, meno yakatafuta mkono wa anayekaza, kuna maumivu au kuna kumbukumbu ya maumivu, mgongo au vidonda vya tumbo au tandiko lisilomkaa, na usikubali jibu la "ah, ndivyo alivyo" mpaka daktari ameangalia.

Apande mwenyewe muuzaji kwanza. Asipotaka kupanda, wala hana mtu wa kumpandia, geuza gari urudi nyumbani. Baada yake apande mwalimu wa kijana au mtu mzima mwenye uzoefu, kijana awe wa mwisho, na kofia ngumu kichwani kuanzia dakika ya kwanza. Mwone akisimama kimya wakati wa kupandwa, akitembea, mbio ndogo ndogo, mbio za kati, kusimama akiambiwa, kisha mtoe nje ya uwanja peke yake mbali na wenzake, hapo ndipo wengi wanabadilika, anayegoma kuwaacha wenzake anageuka na kukimbilia nyumbani na mtoto hana nguvu za kumzuia. Rudini mara ya pili siku nyingine na saa nyingine, ikiwezekana kukiwa na upepo. Dawa ya kutuliza aliyopewa kwa ajili yako mara nyingi haitadumu mpaka siku hiyo.

Kuna mambo unaweza kuyaona mwenyewe kabla hujamlipa daktari. Aongozwe kwa kamba iliyolegea, mbio ndogo ndogo, kwenye ardhi ngumu na kwa mstari ulionyooka. Kichwa kikipanda juu kila mguu fulani wa mbele unapogusa chini, huo mguu unauma, anajaribu kuukwepesha uzito. Shika kwato zote kwa kiganja, moja ikiwa na moto kuliko nyingine uliza. Akiwa ametulia anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika na mapigo yake ya moyo ni 28 hadi 44, hesabu, haigharimu chochote. Angalia na kingo za mlango wa banda, mbao zilizoliwa liwa zinaweza kuonyesha farasi anayeng'ata mbao na kuvuta hewa, tabia ambayo haiponi kirahisi.

Akipita hapo ndio unamwita daktari wa mifugo, wako, sio yule anayemtibu siku zote kwa muuzaji. Najua ukiwa na hela ndogo ndiyo sehemu inayovutia kurukwa, na ndiyo ambayo ningekushika mkono usiiruke. Mwambie ukweli, kwamba bajeti ni hii na matumizi ni haya, kijana wa kujifunza na mizunguko ya kawaida, atakwambia kipi ni cha lazima. Kwa kawaida atasikiliza moyo na mapafu, ataangalia macho, atakunja mguu ashikilie kama dakika moja kisha farasi akimbizwe aone kama anachechemea. Mwombe achukue damu ihifadhiwe, ukija kugundua baadaye alikuwa kwenye dawa za maumivu una ushahidi. Picha za eksirei unaweza kuziacha kama hakuna kilichomtia daktari wasiwasi. Na usisubiri aseme amefaulu au amefeli, yeye atakutajia kasoro, wewe unarudi kwenye ile orodha mliyokubaliana nyumbani.

Kama kuna mtu anakusaidia kutafuta, muulize wazi kama anapata asilimia kwa muuzaji. Omba wiki mbili za majaribio, wengi watakataa lakini kuuliza si ujinga. Makubaliano yawe ya maandishi: jina, umri, namba ya chipu (kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) au pasipoti ya farasi kama ipo, bei, kilichosemwa kuhusu afya na tabia, na nini kitatokea ikigundulika si kweli. Matandiko ya mkono wa pili ni sawa kabisa ilimradi tandiko limkae farasi huyu, ila kofia nunua mpya, iliyowahi kugonga chini huwezi kuijua kwa macho.

Akifika nyumbani mtenge na wengine wiki 2 hadi 3 ukimpima joto kila siku, kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Siku za kwanza kijana asimpande, amlishe, ampige brashi, atembee naye kwa kamba wazoeane. Chakula kibadilishwe polepole kwa siku 7 hadi 14 manake tumbo la farasi halivumilii mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo siku ya kumchukua muombe mwenye farasi akuuzie na marobota machache ya zile nyasi alizozizoea, uchanganye na zako kidogo kidogo.