Jinsi ya kujiandaa na mtihani wa jiografia ya kanda za dunia chuoni bila kumeza atlasi nzima

Hii kozi watu wanaichukulia poa sana mwanzoni mwa semista, wanaona ni zile zile habari za sekondari, mito na milima na miji mikuu, halafu UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, ikikaribia ndo wanastuka kwamba kuna nchi karibu mia mbili na kanda kama kumi na desa (notsi) la lekchara halina mwisho. Hapo ndo msuli wa kumeza unaanza. Unamkuta mtu kwenye kimbweta saa nane usiku anataja kama anaita majina ya darasa, Chile shaba, Zambia shaba, Bolivia bati, Malaysia mpira, na kesho yake jioni nusu yake haipo tena kichwani.

Sema ukiangalia pasti pepa nyingi za kozi hii utaona swali la "nini kiko wapi" lina maksi chache, linakaa huko sehemu A. Maksi nzito ziko kwenye kwa nini kiko pale, na kwa nini sehemu nyingine inayofanana nayo hali iko tofauti. Kwahiyo soma kwa sababu, majina yatakuja yenyewe nyuma ya sababu. Mengine yote ninayoandika hapa yanategemea hilo.

Kabla ya chochote tafuta kozi autilaini uone lekchara wako amegawaje dunia, maana hakuna mgawanyo mmoja ambao wote wanakubaliana. Kuna anayeiweka Afghanistan Asia Kusini na kuna anayeipeleka Asia ya Kati, Meksiko wengine wanaiunga na Marekani na Kanada wengine wanaiweka Amerika ya Kilatini, Sudan ndo usiseme, Urusi mara inasimama peke yake mara inakatwa kwenye milima ya Ural. We fuata wa kwake, yeye ndo anasahihisha. Na hapo hapo malizana na lile swali linalopenda kutokea la aina za kanda. Kuna kanda inayotambulika kwa sifa moja iliyoenea eneo lote, mfano jangwa la Sahara. Kuna kanda inayoshikwa na kitovu, mfano Dar na maeneo yote ambayo watu wake wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala za mjini, au nchi zote zinazopitishia mizigo bandari ya Dar. Halafu kuna kanda ya kwenye vichwa vya watu, mfano uswahilini, kila mtu anajua ni wapi lakini waambie watu kumi wakuchoree mpaka wake uone vituko. Mifano ya nyumbani kama hii inaonyesha umeelewa, kuliko kurudia ile ile ya kwenye slaidi ambayo darasa zima litaiandika.

Sasa ramani. Chukua karatasi nyeupe tupu, sio ramani ya kujaza majina, tupu kabisa, anza na ikweta na tropiki mbili, kisha bara kwa umbo la hovyo hovyo tu, kisha milima, kisha mito inayotoka kwenye hiyo milima, nchi zije baadaye na miji mwisho kabisa. Mpangilio huo una maana yake, ukishaweka Himalaya utaona wazi kwa nini Indus, Ganges na Brahmaputra zinaelekea huko zinakoelekea na kwa nini mamia ya mamilioni ya watu wamejazana chini yake. Ukimaliza fungua atlasi uone ulipokosea, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, kesho chora tena bila kuangalia. Kanda moja kwa siku inatosha. Kama una simu nzuri na bando lipo, Seterra ni mchezo mzuri wa kujipima nchi na miji, ila usiishie hapo, kubofya sehemu iliyochorwa tayari ni rahisi kuliko kuichora mwenyewe.

Mitego ya ramani inajulikana. Guinea ziko nne, Guinea, Guinea-Bissau, Guinea ya Ikweta na Papua New Guinea ambayo iko mbali kabisa huko Oceania. Na hiyo Guinea ya Ikweta pamoja na jina lake ikweta haipiti kwenye ardhi yake, kwa Afrika bara ikweta inapita Gabon, Kongo zote mbili, Uganda, Kenya na Somalia. Kuna Slovakia na Slovenia, Dominica na Jamhuri ya Dominika, Paraguay na Uruguay. Mji mkuu wa Australia ni Canberra sio Sydney, Uturuki ni Ankara, Kanada ni Ottawa, Moroko ni Rabat. Angalia pia atlasi unayotumia ni ya lini, zile za mtumba nyingi hazina Sudan Kusini ya 2011, bado zinaandika Swaziland ambayo toka 2018 ni Eswatini, Macedonia imekuwa Macedonia Kaskazini 2019, Uingereza imetoka Umoja wa Ulaya 2020 ukabaki na nchi 27, na mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Nur-Sultan 2019 kisha 2022 wakarudisha Astana. Kumbukumbu za namna hii ziandike kwenye karatasi moja ya kubandika ukutani basi, usizipotezee wiki.

Wiki zipoteze kwenye hali ya hewa na maumbile, coz huko ndo esei zinakotoka. Na huko ukielewa vitu vichache unajibu maswali ya kanda tano kwa mpigo. Chukua jangwa la Atacama kule Chile na Namib kule Namibia. Yote yako pwani ya magharibi ya bara, yote yana mkondo baridi wa bahari unaopita mbele yake, Humboldt kule na Benguela huku, mkondo unapooza hewa ya chini unapata ukungu lakini mvua hakuna, juu yake hewa ya tropiki inashuka badala ya kupanda. Halafu Atacama ina la ziada, milima ya Andes inaziba unyevu unaotoka upande wa Amazon. Umeona, hapo ukiulizwa Namib unajibu, ukiulizwa Atacama unajibu, ukiambiwa linganisha unajua zinafanana wapi na zinaachana wapi.

Geuza sasa, mkondo wa joto. London iko nyuzi 51 kaskazini, pwani ya Labrador kule Kanada inaanzia latitudo hiyo hiyo, lakini London majira ya baridi watu wanalalamika mvua wakati Labrador bahari inaganda. Tofauti ni maji ya uvuguvugu yanayovuka Atlantiki kuja Ulaya pamoja na pepo za magharibi zinazolibeba joto lake kuliingiza nchi kavu, wakati Labrador inapata mkondo baridi unaoshuka kutoka kaskazini na upepo unaotoka bara lenye baridi kali. Na hilo linakupeleka moja kwa moja kwenye chuma cha Kiruna kule Uswidi, ambacho kinasafirishwa kwa treni mpaka Narvik kule Norway, bandari iliyo ndani ya mzunguko wa Aktiki lakini haigandi, wakati upande wa Luleå, bandari ya Uswidi yenyewe, Bahari ya Baltiki inashika barafu. Swali la uchumi hilo, jibu lake liko baharini.

Ila penye utamu zaidi kwetu ni pepo za msimu, na hapa mtu wa pwani ana mtaji ambao wengi hawautumii. Kusi unaovuma huku kwetu kuanzia kama Aprili mpaka Septemba ukivuka ikweta unapinda kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, unaingia India ukiwa unatokea kusini magharibi umebeba unyevu wa Bahari ya Hindi, unagonga milima ya Ghats Magharibi unamwaga mvua upande wa bahari, na nyuma ya milima uwanda wa Deccan unabaki kwenye kivuli cha mvua. Juni mpaka Septemba ndo mvua kubwa ya India, mpunga unapandwa, mito inafurika mpaka delta ya Bangladesh. Ikifika kama Desemba upepo unageuka, unatoka nchi kavu ya Asia ukiwa mkavu, huo ndo kaskazi, ndo uliokuwa unaleta majahazi kutoka Oman na Gujarat mpaka Zanzibar na Mombasa na Lamu, wanauza tende na vitambaa, wanasubiri, kusi likianza wanarudi na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Yaani kwa upepo mmoja una hali ya hewa ya Asia Kusini, kilimo chake, msongamano wa watu wake na historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, tena bila kukariri chochote maana mvuvi yeyote wa Pemba anaujua.

Sababu za watu nazo usiziache. Kwa nini Brazil inaongea Kireno na majirani zake Kihispania, rudi mkataba wa Tordesillas 1494, Hispania na Ureno walipogawana ardhi za ng'ambo. Kwa nini Gambia ni kama uzi ndani ya Senegal, Waingereza waliushika mto, Wafaransa wakazunguka pembeni. Kwa nini Pakistan ilikuwa vipande viwili kuanzia 1947 mpaka kimoja kikawa Bangladesh 1971. Kwa nini Bahari ya Aral imekauka, Wasovieti walichepusha maji ya Amu Darya na Syr Darya kumwagilia pamba toka miaka ya 1960, meli zimebaki juu ya mchanga. Usiiseme Berlin 1884–85, ule mkutano wa wakoloni kuhusu kugawana Afrika, kama jibu la kila kitu Afrika lakini, walekchara wameichoka, kama unaitaja taja na mpaka halisi na madhara yake.

Ukishapita kanda zote moja moja, pindua meza, tengeneza karatasi za mada zinazokata kanda. Hii hatua wengi wanairuka na ndo inayotofautisha B na A. Mfano mada ya nchi zisizo na bahari, unaweka Zambia iliyojengewa reli ya TAZARA miaka ya 1970 kufika Dar bila kupitia kusini kwa makaburu, unaweka Bolivia iliyopoteza pwani yake kwa Chile kwenye vita iliyoanza 1879 na mpaka leo ina jeshi la majini, unaweka Uzbekistan ambayo hata majirani zake wote hawana bahari. Mada ya njia nyembamba za meli, Hormuz kati ya Iran na Oman, Malaka, Bab el Mandeb, mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869 ambao Machi 2021 ulizibwa siku sita na meli moja tu, Ever Given. Mada ya miji mikuu iliyohamishwa, Brasília 1960 kuvuta watu waingie ndani ya nchi, Dodoma uamuzi wa 1973, Abuja 1991, na Indonesia inajenga Nusantara huko Borneo coz Jakarta imejaa na inazama. Mada ya maji yanayovuka mipaka, na hapa Nile ni lazima, mikataba ya 1929 na 1959 ya matumizi ya maji yake, msimamo wa Nyerere kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba uliosainiwa na mkoloni, mpaka bwawa la Ethiopia lililoanza kujengwa 2011 na kuzinduliwa 2025, halafu unailinganisha na Mekong ambayo inapita nchi sita na China ndo imekaa juu. Idadi ya watu pia, India kuipita China 2023, Japan inazeeka, Niger watoto kibao, uliza kwa nini kila moja.

Diskasheni fanyeni kwa Kiswahili, hakuna aibu, mambo ya mkondo na kivuli cha mvua yanaeleweka haraka hivyo, ila mtihani unakuja kwa Kiingereza kwahiyo mwisho wa kila kikao kila mtu aandike aya moja ya jibu kwa Kiingereza mbadilishane msomeane. Gawaneni kanda, na anayefundisha kanda yake asishike notsi, achore chini kwa kijiti au ubaoni huku anaeleza. Akikwama hapo ndo mnajua wapi hamjui. Kundi likizidi watu watano au sita linageuka kijiwe, mtajadili boom (hela ya mkopo) limechelewa na mechi ya Simba na Yanga mpaka giza linaingia.

Siku yenyewe soma maswali yote kwanza, angalia neno la amri, ukiambiwa linganisha usiandike Chile ukurasa mzima kisha Namibia ukurasa mzima ukaacha msahihishaji ndo alinganishe, nenda hoja kwa hoja zote mbili pamoja. Kila hoja iwe na mahali penye jina, sababu, na matokeo yake kwa watu. Kwenye esei ya maumbile chora kiramani hata cha dakika mbili, kiwe na kichwa, mshale wa kaskazini na ufunguo. Ile sehemu ya kujaza ramani ifanye mapema kabla hujachoka, anza na nchi unazozijua, zilizobaki ziache kwanza uende kwenye esei, mara nyingi jina la nchi linarudi ukiwa katikati ya kuandika kitu kingine, unageuza ukurasa unalijaza unaendelea.